Madumu matatu ya petroli, na moja tu ndilo ninalolipakia garini

Kazi yangu ni kupiga muziki kwenye shughuli, na jenereta langu linakunywa petroli. Madumu nimebeba ya kila aina.

Nilianza na la plastiki lililokuwa la mafuta ya kupikia, na kipande cha nailoni chini ya kifuniko ili lisivuje. Siku moja gari lilishinda juani. Nafungua buti, nakuta dumu limevimba kama mashavu ya mpiga zumari, shingoni linatoa matone. Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, tena mvuke wenyewe ni mzito kuliko hewa: haupandi ukapotea, unatuama chini kungoja cheche. Dumu lile nililitoboa, lisije likarudi kazini.

La pili ni jekundu la karakana, lenye kifuniko cha springi na wavu wa chuma mdomoni unaozuia moto usiingie ndani. Kwa stoo sina neno nalo. Lakini mgandamizo ukizidi kifuniko hujinyanyua chenyewe kulipumulisha, na garini pumzi hiyo naivuta mimi.

La tatu ni la chuma, lita 20, vishikio vitatu, muundo wa jeshi la Ujerumani wa miaka ya 1930. Hili ndilo langu. Kifuniko kinabana mpira mpaka unasikia "ta!" Likijaa linakaribia kilo 20, na mgongo wangu unajua. Mpira hukauka ukapasuka, kwa hiyo natembea na wa akiba.

Ila wanaosema chuma ni salama huishia hapo. Ukilijazia juu ya kapeti ya buti, au juu ya plastiki ya pikapu, umelitenga na ardhi. Petroli inavyotiririka huzaa umeme tuli, umeme unajikusanya kwenye chuma, na cheche inaweza kuruka kati ya nozeli na mdomo wa dumu, pale pale penye mvuke. Kijana wa pampu alitaka kunijazia humo humo kwenye buti, tuwahi. Nikaliteremsha chini, nikamwomba nozeli iguse mdomo wa dumu mwanzo hadi mwisho, na asilijaze pomoni, maana petroli ikipata joto hutanuka. Alininunia. Foleni ikapiga honi.

Mke wangu anauliza kwa nini nisichukue jenereta la dizeli, ambayo mvuke wake hauwaki mpaka mafuta yafike nyuzi 50 na ushei. Ana hoja. Tatizo, yale niliyoyasikia yananguruma kuliko spika zangu.