Stationari ya Ngamiani barabara ya 9: kama una risechi, dodoso lako peleka hapa

Wanachuo wa Tanga mnaohangaika na risechi mwaka huu, hii stationari mi naipa nyota nne kati ya tano na hiyo moja iliyobaki ntawaambia imeenda wapi. Iko Ngamiani, barabara ya 9, nje hamna bango la maana, kuna karatasi tu imebandikwa dirishani PRINTI KOPI BAINDI LAMINESHENI PASIPOTI SAIZI, ndani benchi moja la mbao, mashine kubwa ya kopi, printa mbili na feni ya ukutani. Mwenye duka ni mama mtu mzima, wote tunamuita Mama, ukiingia unampa shikamoo yake anakwambia marahaba mwanangu, flash lete kwanza niiskani. Haichomeki flash yoyote kabla ya kuskani, na kwa virusi vya mwezi wa kukusanya ripoti nadhani mnaelewa thamani ya hilo.

Sasa mi mada yangu ni mawasiliano ya wanachuo, yani wanaongea na nani, kwa njia gani, ana kwa ana au kwenye magrupu ya WhatsApp, na uzuri wa hili duka ni kwamba Mama kashapitisha madodoso, yani zile karatasi za maswali ya risechi, ya watu wengi mno kwenye ile mashine, anajua likiharibika linaharibikia wapi. Nipo kwenye benchi nasubiri kopi zangu akaingia kaka mmoja wa chuo kingine, mada yake inafanana na yangu, anataka kopi mia mbili fasta aondoke. Mama akaprinti moja tu akamwambia mwanangu kabla sijakutolea hizo zote hebu wasomee wenzio hapa. Kaka akasoma, "Je, unawasiliana na wanafunzi wenzako mara kwa mara?" Dada aliyekaa pembeni yangu akajibu ndio, kila siku. Mwingine akasema ndio, Jumapili kwenye kwaya hatukosi. Wa tatu akauliza, kwani kuangalia status za watu nako kunahesabika? Maana kama kunahesabika basi ndio, sana tu. Watu watatu, maisha matatu tofauti, na wote wangeweka tiki pale pale kwenye "ndio" afu SPSS, ile programu ya kuchambua takwimu, ingewahesabu kitu kimoja.

Mama akamwambia muulize mtu habari za jana. Jana umekaa ukaongea ana kwa ana na wanafunzi wangapi, jana umepigiana simu na nani, jana umeandika kwenye grupu gani. Ya jana mtu anayakumbuka, ya "kwa kawaida" anabuni. Na hii sio akili ya mtaani tu jamani, mwaka 2021 Douglas Parry wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch Afrika Kusini na wenzake walikusanya tafiti nyingi pamoja wakalinganisha watu wanavyosema wanatumia simu na mitandao kiasi gani na rekodi zenyewe za matumizi, wakakuta haviendani vizuri, kuna wanaozidisha na kuna wanaopunguza. Kwahiyo ukiona dodoso linauliza "kwa siku unatumia WhatsApp masaa mangapi" ujue hapo unapima mtu anavyojiona, WhatsApp yenyewe hujaigusa.

Ubishi mkubwa ukaja kwenye swali lingine, "wasichana huongea zaidi kuliko wavulana, kubali au kataa." Benchi zima likawaka, hata aliyekuja kupiga pasipoti akaingia. Nikawaambia hilo lilishapimwa kwa wanachuo wenzetu, Matthias Mehl na timu yake waliwavalisha vinasa sauti wanachuo 396 wa Marekani na Meksiko, vinajiwasha vyenyewe muda mfupi mfupi mchana kutwa, matokeo yakatoka 2007, wote wakaonekana wanasema kama maneno 16,000 kwa siku, tofauti ya wake na waume haikuwa na maana yoyote kitakwimu. Ila kumbe ukiweka kubali au kataa unakusanya maoni ya watu kuhusu wasichana tu, hujapima maongezi ya mtu hata mmoja. Kaka akalifuta pale pale na akashukuru.

Kingine nilichopenda ni hesabu. Ukimwambia chuo chenu kina wanafunzi 400 Mama anachukua karatasi iliyoharibika anakupigia ile fomula ya Yamane tunayoitumia wote kujua uwahoji watu wangapi, 400 gawa kwa (moja jumlisha 400 mara 0.05 kipeo cha pili), hiyo 0.05 ni kiwango cha makosa unachokubali, inakuja 400 gawa kwa 2, watu 200. Afu anakuuliza dodoso kurasa ngapi. Ukisema nne anakwambia hizo ni kurasa 800, hebu punguza maswali usiyoyahitaji libaki kurasa mbili, karatasi moja mbele na nyuma, unalipa nusu na watu hawachoki katikati. Niambieni mfanyabiashara gani anakupunguzia kopi mwenyewe!

Na anauliza utazigawa wapi. Kuna mdogo wetu mmoja alisema zote atamalizia hostel kwake, korido ya juu. Hapa mi nilimuunga mkono Mama kwa nguvu zote maana ni kitu kinachoua risechi nyingi za mada yetu. Festinger na wenzake mwaka 1950 walitoa utafiti kuhusu nyumba za wanafunzi wenye familia pale MIT, wakaonyesha kuwa watu walifanya urafiki zaidi na wa mlango wa jirani, na ukikaa karibu na ngazi unajuana hadi na wa ghorofa ya pili. Sasa ukigawa dodoso la mawasiliano kwenye korido moja utaambiwa wanachuo wa Tanga wanaelewana vizuri sana, kumbe ni wale jamaa wanaopikiana wali. Anayeishi kwa shangazi yake Mikanjuni, anayekuja darasani na kuondoka bila kuongea na mtu, huyo ambaye ndo tunamhitaji, hukumfikia kabisa.

Data hapiki. Nimeshuhudia mtu anamuomba amjazie madodoso hamsini yaliyobaki, pesa iko mkononi, Mama kakataa akampa kiti akamwambia piga simu uwaombe watu waje wajaze. Nalisema hili kwa uchungu kwasababu duka moja nililokuwa naenda mwanzo (silitaji) karatasi za mahojiano zilizotoka vibaya walikuwa wanazigawa kwa muuza bajia. Rafiki yangu kafungua bajia zake akakuta maelezo ya dada mmoja anavyojisikia mpweke chuoni, mwaka wa masomo na kozi viko palepale. Mtu alikuamini akakufungulia moyo wake afu anafungiwa bajia! Hapa Mama karatasi iliyoharibika yenye majibu anakurudishia mkononi kwenye bahasha, na faili lako analifuta kwenye kompyuta wewe ukiangalia, analitoa mpaka kule kwenye risaikobini.

Haya, ile nyota moja. Umeme ukikatika hamna jenereta, unakaa. Kompyuta ya kufanyia SPSS ni moja na ni nzito kweli kweli, ukiwa na data za watu 200 na wenzio wawili mbele yako siku imeisha. Kuandika mahojiano kutoka kwenye sauti wanafanya na wanafanya vizuri, ila kama ulimrekodi mtu ufukweni na upepo wa Raskazone unavuma Mama atakurudishia akwambie hapa sisikii, na hataki kubahatisha neno. Printi ya rangi wanatoza juu kuliko maduka ya mjini. Na kama una haraka zako, lile swali la "hebu wasomee wenzio" litakukera, maana hutoki pale kwa dakika kumi.

Ijumaa wanafunga kuanzia mchana hadi swala iishe. Malipo ya simu wanapokea. Wiki za kukusanya ripoti nenda asubuhi kabisa wakifungua tu, na dodoso lipeleke kabla supavaiza hajaweka sahihi, maana likishasainiwa afu Mama akakukuta na "mara kwa mara" mle ndani, itabidi urudi kwa supavaiza.