Mgahawa wa ufukweni Kibirizi, Kigoma, nilikokwenda na wajukuu wawili

Nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya viti, nitaeleza.

Wajukuu wangu, mmoja miaka saba na mwingine minne, wamekuja likizo kutoka Dar kwa treni. Kwao kula nje ni chipsi kuku huku macho yako kwenye simu. Nikasema hapana, wakiwa Kigoma watakula mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, na watakula wametulia. Mahali penyewe ni banda la mabati upande wa Kibirizi. Ukikaa unaona boti zinavyopakia abiria.

Siku mbili kabla tulifanya mazoezi nyumbani kwenye mkeka: kunawa, bismillahi, mkono wa kulia, kila mtu upande wake wa sinia. Mtoto ukimwambia mambo kumi siku hiyohiyo mbele ya wageni hashiki hata moja.

Dada anayehudumia alipita na birika na beseni, akaanza na mimi, kisha akainama kuwasubiri watoto wanawe mikono wenyewe. Akamuuliza mkubwa, si mimi, "Unakula nini?" Mjukuu akanitazama. Nikanyamaza. Akasema, "Naomba samaki." Hilo "naomba" nimelipigania tangu washuke stesheni, maana walikuja na "nipe".

Samaki anakaangwa ukishaagiza, tukangoja dakika 40. Mdogo alivumilia kama robo saa, halafu akaingia chini ya meza kumfuata paka. Mzee wa meza ya jirani akaguna. Sikumkemea mtoto mbele ya watu; nilimshika mkono tukaenda kuhesabu boti, tukarudi tulipoanza kusikia harufu ya kukaanga. Mwenye watoto apige simu mapema, waanze kukaanga kabla hajafika.

Mgebuka alikuja mzima, kichwa na mkia vimepita sahani, pamoja na ugali wa muhogo. Mdogo amezoea sembe. Alikata tonge, likavutika, akatangaza banda zima lisikie: "Bibi, ugali huu una gundi!" Na mpishi yupo pale dirishani! Nikamnong'oneza kuwa chakula cha mtu hakikashifiwi. Kama hukitaki, sema umeshiba. Dada wa watu akacheka: "Baba, chovya kwanza kwenye mchuzi." Akachovya. Akala matonge manne.

Mkubwa nilimwonyesha kumpasua samaki mgongoni mpaka uti unatoka mzima, kisha kuipapasa nyama kwa vidole kabla haijaingia mdomoni. Miiba aliipanga ukingoni mwa sahani kama anapanga vijiti vya kuhesabia. Hakutema hata mmoja mezani.

Sasa viti. Ni vya plastiki, vya watu wazima tu, na kidevu cha mdogo kilikuwa sawa na meza, kwa hiyo alikula amepiga magoti kitini na mara mbili nusura aanguke. Televisheni nayo inapiga kelele mpaka unarudia neno. Mchuzi una pilipili, uliza kabla.

Nililipa 8,000 kwa samaki na ugali, na watoto wawili wanashiba.

Tulipokuwa tunatoka, mdogo alirudi mbio mpaka dirishani kwa mpishi, akamwambia, "Nimeshiba!" Mama wa watu akafurahi kweli. Sikusema kitu.