SaGa Frontier Remastered: geimu moja, stori kibao

Wapenda geimu wa Mombasa, kama mwataka RPG (geimu ya kuongoza mhusika kwenye stori) ya kujiendea vile roho yapenda tafuteni SaGa Frontier Remastered ya Square Enix, ilitoka 2021 na yaingia hata kwa simu, mimi huicheza nikingoja feri Likoni. Wachagua mhusika mmoja kati ya saba, wa nane Fuse hufunguka baadaye, na kila mmoja ana stori yake.

Utamu wenyewe ni vita yani. Hakuna mhusika kupanda leveli kabisa, mtu yuwapigana tu mara taa yawaka juu ya kichwa ashajua pigo jipya, hapo wallahi naruka! Hivyo ni binadamu, roboti wao nguvu zao ni vifaa unavyowavalisha, mazimwi nao hufyonza uwezo wa maadui mpaka wabadilika umbo. Afya hujaa tena kila pambano likiisha ila ukipigana sana maadui pia wazidi ukali, chungeni hapo.

Kwa wahusika, Lute huachiwa dunia karibu yote mapema mno, mgeni atapotea, anzeni na Red. Kipenzi changu mimi ni Blue, yuwatafuta uchawi kila pembe ili apambane na pacha wake Rouge, uwiii!