Vijiko, chubwi na mwendo wa boti: uzoefu wangu wa kukokota chambo kwa samoni wa Ziwa Michigan

Anayetaka kuanza kuvua samoni ziwani kwa kukokota, mimi humwambia aweke fedha yake kwenye winchi ya chubwi kabla ya chambo. Winchi hiyo hufungwa ubavuni mwa boti. Ina waya na tufe zito la risasi, ndilo chubwi lenyewe, na mshipi wako unabanwa juu kidogo ya tufe kwa kibanio kinachoachia samaki akivuta. Sijaona kifaa kingine kinachokipeleka chambo kwenye kina unachokitaka na kukiweka hapo kwa uhakika kama huo.

Kina ndicho nusu ya kazi kwa sababu ya tabia ya chinuki, samoni mkubwa kuliko wote wa ziwa hili. Hupenda maji ya nyuzi 10 hadi 13 hivi za Selsiasi. Wakati wa kiangazi, jua likishapasha tabaka la juu, maji ya namna hiyo hushuka chini sana, na upepo ukigeuka hupanda au kushuka tena. Leo unampata mita 15, kesho mita 30. Jambo moja la kuangalia kwenye winchi yoyote: namba ya kina inayosomeka ni urefu wa waya uliotoka. Boti ikitembea, waya hulala kuelekea nyuma, kwa hiyo chubwi iko juu kuliko namba inavyosema. Ndiyo maana napendelea tufe la kilo 5 na zaidi. Mepesi hupeperushwa mno.

Sasa vijiko, yaani chambo bandia cha bati lililopinda kama kijiko, chenye ndoana. Samoni wa Pasifiki waliletwa ziwani humu na jimbo la Michigan la Marekani, koho mwaka 1966 na chinuki mwaka 1967, wakati maji yalikuwa yamejaa elwaifu, samaki wadogo wa rangi ya fedha wa jamii ya heringi. Hadi leo elwaifu ndiye chakula kikuu cha chinuki, na kijiko cha urefu wa sentimita 9 au 10, chenye mgongo wa fedha, kinamwigiza vizuri kuliko chambo kingine nilichowahi kufunga. Seti ninayoitumia ina vijiko vyembamba na vizito. Vyembamba hupepea hata boti ikienda polepole, lakini ukiongeza mwendo huanza kuzunguka ovyo na kusokota mshipi. Vizito vinataka mwendo zaidi ndipo viamke. Usivichanganye katika safari moja ya kukokota, maana mwendo unaofaa kimoja unaua kingine.

Malalamiko yangu kuhusu seti hiyo ni ndoana. Rangi ni nzuri na hazibanduki, ila ndoana za meno matatu zilizokuja nazo ni laini, na chinuki mkubwa alizinyoosha mbele ya macho yangu. Nimezibadilisha zote. Mnunuzi aihesabu gharama hiyo tangu mwanzo.

Kuhusu rangi, watu hubishana kutwa nzima. Mimi nafuata mwanga tu: alfajiri, vijiko vinavyong'aa gizani baada ya kumulikwa na tochi, jua likipanda, fedha na buluu au kijani. Nyekundu na rangi ya chungwa hupotea haraka kadiri unavyoshuka, kwa hiyo naziweka kwa ajili ya koho wa masika, wanaokaa karibu na uso wa maji.

Lakini kitu kinachonipa samaki kuliko rangi zote ni mwendo, na hapo ndipo pesa ya kihisio cha mwendo cha chini ya maji ilipolipa. Kihisio hicho hufungwa karibu na chubwi na kutuma juu joto la maji na kasi ya chambo chenyewe. Kipimo cha setilaiti kinakuonyesha boti inavyosafiri juu tu. Chini kuna mikondo yake. Unaweza kukokota kwa kilomita 4 kwa saa ukielekea kaskazini na kupata samaki mfululizo, kisha ukageuza kusini kwa mwendo uleule wa juu na fimbo zikanyamaza kabisa, kwa sababu kule chini kijiko sasa kinakwenda kasi nyingine. Ukiwa na kihisio unarekebisha mara moja. Usipokuwa nacho, endesha boti kwa kupindapinda. Kwenye kona, mshipi wa upande wa ndani hupunguza mwendo na kuzama. Wa nje huongeza mwendo na kupanda. Fimbo ya nje ikipigwa, ongeza moto. Ya ndani ikipigwa, punguza.

Kwa wasio na nafasi ya winchi, mshipi wenye kiini cha risasi unafaa sana. Rangi yake hubadilika kila mita 9 hivi, na kwa mwendo wa kawaida kila rangi inakupa kama mita moja na nusu ya kina. Ni mzito mkononi na unachosha kuukunja, lakini hauna kelele wala kivuli cha waya, na siku ambazo samaki wanakwepa boti ndio ninaoutegemea.

Bapa la kumetameta, yaani kibao kinachozunguka majini na kuvuta macho ya samaki, likifuatwa na chambo cha manyoya nalitumia kiangazi kikikolea, nikiacha nafasi ya sentimita 50 hadi 70 kati yao. Nafasi fupi hukitikisa chambo kwa nguvu zaidi.

Samaki bandia wakubwa wa plastiki nawaweka akiba hadi mwishoni mwa Agosti, chinuki waliokomaa wanapokusanyika karibu na midomo ya mito. Kufikia hapo wanapunguza au kuacha kula wakijiandaa kupanda kuzaa, na huuma kwa hasira. Kijiko kidogo wanakipuuza. Samaki bandia anayeyumba kwa kishindo wanamrukia.