Fomu ya LOR ya GMAC: isome kabla hujamwomba mtu yeyote akuandikie

Wengi wanaoomba MBA, yaani shahada ya uzamili ya biashara, hawajawahi kuiona hii fomu ya barua ya rekomendesheni kwa macho yao, na shida inaanzia hapohapo. Inatumwa kwa bosi, inajazwa na bosi, bosi ndo anaituma chuoni, we mwombaji unaona tu kwenye akaunti yako kwamba barua imeshafika. Matokeo yake watu wanachagua marefarii, yaani watu wa kuwaandikia barua, kwa kukisia, wanaangalia nani ana cheo, nani anawapenda, nani hatawakatalia, halafu yule mtu anakuja kukaa mbele ya maswali ambayo hana cha kuyajibu. Mi nimeijaza nikiwa bosi wa mtu, na nimekaa na waombaji wakiumiza kichwa wamwombe nani, na ninachotaka kusema ni kimoja: hii fomu yenyewe ndo inakuchagulia refarii, tena bure, ukiisoma mapema.

Kwa wasioijua, GMAC ni hao hao wenye GMAT, mtihani wa kuombea vyuo vya biashara. Walitengeneza fomu moja ya pamoja ya barua ya rekomendesheni, watu wanaiita LOR (kifupi cha letter of recommendation), ili vyuo vya biashara vingi viulize maswali yaleyale badala ya kila chuo kuja na yake. Lengo lilikuwa kumpunguzia bosi mzigo, maana mtu akiomba vyuo vinne na kila kimoja kina maswali tofauti, huyo bosi mwenye kazi zake ataandika barua moja nzuri na tatu za kubahatisha. Hilo wamefanikiwa kwa kiasi, sio lote. Kila chuo bado kina mfumo wake, kwahiyo bosi bado anapata linki ya kila chuo na anaingia kila mahali kubandika majibu na kutiki viboksi upya, na vyuo vingine vinapunguza urefu wa majibu au vinaongeza swali lao. Usimdanganye bosi wako kwamba ni kazi ya dakika kumi. Mwambie ukweli ni vyuo vingapi kabla hajakubali.

Swali la kwanza ni fupi, mnafahamianaje na mwombaji alikuwa na kazi gani kwenye taasisi yenu, maneno 50 tu. Linaonekana la kupita lakini hapa ndo wakubwa wenye majina wanaanguka. Mkurugenzi mkuu mliyekutana kwenye mikutano miwili, mbunge rafiki wa familia, profesa maarufu uliyesoma darasani kwake mkiwa mia mbili, hawa wakijibu kwa ukweli inabidi waandike kwamba hawajawahi kufanya kazi na we kwa karibu, na msomaji wa upande wa chuo akishaona hivyo yanayofuata yote anayasoma kwa mashaka. Cheo hakisaidii kitu hapa. Bosi wako wa moja kwa moja, hata kama ni meneja mdogo ambaye hajulikani nje ya idara yake, atayajaza hayo maneno 50 mpaka yamzidi.

La pili linauliza utendaji wa mwombaji ukoje ukilinganisha na watu wengine wazuri wenye kazi kama yake, na linataka mifano, maneno 500. Angalia neno kulinganisha. Anayeandika lazima awe ameshawaona wengine wa ngazi yako, amewasimamia au amefanya nao kazi, la sivyo analinganisha na nani? Ndo maana vyuo vingi havipendi barua ya mfanyakazi mwenzako, na ndo maana mwalimu wa chuo sio chaguo zuri kwa mtu aliyeko kazini labda kama ulikuwa msaidizi wake wa utafiti na alikuona ukifanya kazi yenyewe. Mteja anaweza kujibu hili vizuri kabisa, hasa mteja ambaye amehudumiwa na makampuni mengi na anajua tofauti. Bosi wa zamani pia, ilimradi sio wa zamani mno, maana mtu uliyemwacha ukiwa mgeni kazini atakuelezea ulivyokuwa mgeni kazini.

Sasa swali la tatu. Hili kwangu ndo roho ya fomu nzima: eleza maoni muhimu zaidi ya kumjenga uliyowahi kumpa mwombaji, ilikuwa katika mazingira gani, na aliyapokeaje. Nalo maneno 500. Chuo cha biashara cha Stanford, Marekani, nao wanawauliza marefarii jambo hilohilo, kwahiyo halikwepeki kirahisi. Nimeona marefarii wakikwama hapa kuliko popote. Yule anayekupenda sana anaogopa kukuharibia, anaandika kwamba kosa lako ni kufanya kazi kupita kiasi, au unajali sana, na jibu la hivyo halimwambii msomaji kitu chochote kuhusu we, linamwambia tu kwamba huyu refarii hakujui vizuri au hayuko huru kusema. Asiyekupenda sana naye ataandika kosa halafu ataishia hapo, nusu ya pili ya swali, ile ya ulivyolipokea na ulivyobadilika, ataisahau, na hiyo nusu ndo chuo wanaitafuta.

Kwahiyo ushauri wangu, kabla hujaorodhesha majina ya wakubwa, kaa chini ujiulize nani amewahi kukurekebisha kweli. Sio kukugombeza, kukurekebisha. Nani alikuita pembeni baada ya mkutano akakwambia unaongea sana na timu yako haipati nafasi, au ripoti zako zina takwimu nyingi na uamuzi haumo, halafu miezi kadhaa baadaye akaona umebadilika na akakwambia? Huyo ndo refarii wako. Ana kisa, ana mwanzo wake na mwisho wake, na anajua kwa nini kilimhusu. Kama kwenye kazi yako yote humpati mtu wa hivyo basi hiyo nayo ni taarifa, ina maana una muda wa kumwendea bosi sasa hivi, mwaka mmoja kabla ya kuomba, umwambie nataka uniambie wapi nirekebishe. Anayefanya hivyo mapema anakuja kuomba barua kwa mtu ambaye tayari ana cha kuandika.

Kuna na jedwali la sifa, vitu kama kuchukua hatua bila kusukumwa, mawasiliano, kuheshimu watu, kuongoza timu, kujitambua, kutatua matatizo, na kila ngazi ina maelezo ya tabia badala ya namba tupu. Napenda hilo, linamlazimisha mtu afikirie. Ila mabosi wengi wanatiki juu kabisa kila mahali wakidhani wanakusaidia, na ukiwa umepewa ya juu kwenye kujitambua huku swali la tatu linasema hukubali kukosolewa, karatasi inajipinga yenyewe. Kuna na swali la ziada la hiari mwishoni, liache liwe la hiari kweli.

Ambapo fomu inaniangusha ni hapa: imeandikwa kana kwamba kila mtu ana bosi mmoja mwema anayejua anaomba shule. Maisha sio hivyo. Wapo ambao wakimwambia bosi wanataka kuondoka kwenda kusoma wanapoteza bonasi au kupandishwa cheo au kazi yenyewe. Wapo waliojiajiri. Wapo wanaofanya kazi kwenye biashara ya baba. Fomu haikwambii kitu hapo, lakini vyuo vinajua na vinakubali mbadala, Stanford wenyewe wanasema bosi wako wa sasa wa moja kwa moja au mbadala bora uliopo, halafu kwenye sehemu ya maelezo ya ziada ya maombi yako unaeleza kwa sentensi mbili tatu kwa nini bosi wa sasa hayumo. Sentensi mbili tatu, sio malalamiko kuhusu kampuni. Aliyejiajiri aende kwa mwekezaji au mteja mkubwa. Wa biashara ya familia asimguse ndugu hata kama ndo bosi wake kweli, aende kwa msambazaji, mkaguzi wa hesabu wa nje, mjumbe wa bodi asiye ndugu, mtu yeyote aliyemwona akifanya uamuzi na hana sababu ya kumpendelea.

Idadi nayo inabadilisha uchaguzi. HBS (chuo cha biashara cha Harvard) na Stanford wanataka barua mbili, MIT Sloan (chuo cha biashara cha MIT) wanataka moja. Ukiwa na nafasi mbili usiweke watu wawili walioona kitu kilekile, mmoja awe bosi wa sasa, mwingine awe ameona upande ambao wa kwanza hakuuona, mradi mwingine, kampuni ya awali, kazi ya kujitolea yenye majukumu ya kweli. Ukiwa na moja, ni bosi, usizunguke.

Halafu kuna lile jibu la bosi ambalo kila mwombaji analijua, andika mwenyewe mi nitaweka jina. Usikubali. Stanford wameandika waziwazi kwamba kujiandikia barua ni kinyume cha masharti ya maombi hata kama refarii ndo aliyekuomba ufanye hivyo, na ukiacha sheria, lugha yako inajulikana, msomaji ametoka kusoma insha zako dakika tano zilizopita na sasa anakutana na mtu yuleyule akijisifia kwa jina la mwingine. Tena binadamu akijiandikia barua anakuwa mwoga, hathubutu kusema yale ambayo bosi mwenye furaha angeyasema bila aibu. Unachoruhusiwa ni kumkumbusha, kaa naye nusu saa, mwambie kwa nini MBA na kwa nini sasa, mpe ukurasa mmoja wa kazi mlizofanya pamoja na matokeo yake, mpe maswali ya fomu yenyewe ayasome mapema, kisha ondoka umwachie. Akisema hana muda kabisa wa kuandika, hilo ni jibu la hapana lililosemwa kwa upole, mshukuru uende kwa mwingine, anayeandika kwa hiyari yake ni bora kuliko wa kumbembeleza.

Kwenye kibali cha kuona barua, vyuo vya Marekani vitakuuliza kama unaachilia haki yako ya kuisoma, haki hiyo inatokana na FERPA, sheria yao ya mwaka 1974 kuhusu kumbukumbu za wanafunzi. Achilia. Refarii anayejua hutaisoma anaandika kwa uhuru, na chuo wanaiamini zaidi.

Kwa ujumla naipa nyota 4 kati ya 5, moja nimeikata kwa ajili ya hao wasio na bosi wa kawaida na kwa ajili ya kubandika majibu mara nne.

Muda. Raundi ya kwanza ya maombi ya vyuo vingi vikubwa inafungwa Septemba na ya pili mwanzoni mwa Januari, na hiyo ya Januari ndo inaumiza, maana marefarii wako Desemba wanafunga hesabu za mwaka halafu wanaenda likizo. Waombe miezi miwili kabla, wape tarehe yako ambayo iko wiki mbili kabla ya dedilaini ya chuo, na andika imeili yao ya kazini sio ya binafsi, chuo kinaipokea kwa imani zaidi. Siku unayobonyeza kutuma linki wapigie simu papohapo waangalie na kwenye spamu, kwa sababu ujumbe unakuja kwa jina la chuo, sio la kwako, na bosi anayetegemea kuona jina lako ataupita kila siku bila kuufungua.