Wasifu wa kazini kwenye simu za mawakala wetu: uzoefu wangu kutoka Mwanza

Nafanya kazi kwenye kampuni ndogo inayonunua na kusambaza dagaa na sangara, ofisi yetu iko Kirumba, jirani na Mwaloni. Mimi ni mhasibu, ila kwa kuwa hatuna mtu wa kompyuta, vifaa vyote vya ofisi vinapitia mikononi mwangu. Mawakala wetu wako Ukerewe, Sengerema na Bukoba. Baadhi wamepewa simu za kampuni, wengine wanatumia za kwao. Wote tumewawekea wasifu wa kazini wa Android, ule unaosimamiwa kupitia Google Workspace, huduma ya Google ya kulipia kwa ajili ya ofisi. Nimeutumia vya kutosha kusema kwamba ni kitu kizuri, na ningekichagua tena, ingawa kuna sehemu haufiki mahali unapodhani.

Kwanza nieleze tulikotoka, maana najua ofisi nyingi za hapa mjini bado ziko huko. Simu ikinunuliwa, kijana wa dukani ndiye anaiwasha na kuifungulia Gmail hapo hapo kaunta, kwa jina alilobuni yeye na nywila aliyobuni yeye. Hakuna anayeiandika. Wakala anaanza kazi, anajaza namba za wavuvi, picha za mizani, hesabu za kila siku, na vyote vinaingia kwenye Gmail hiyo isiyo na mwenyewe. Akiacha kazi, simu inarudi imefungwa kwa patani ambayo hataki kuitaja au ameisahau. Ukiifuta kwa vitufe vya pembeni, inawaka na kudai akaunti ile ile ya mwanzo. Ulinzi huo ulikuja na Android 5.1 mwaka 2015, na lengo lake ni kumkomesha mwizi, lakini aliyekomeshwa ni sisi. Fundi mmoja alitutaka tumlipe aiflashi, yaani aipakie mfumo upya, bila kutuahidi kwamba hata namba moja ya mvuvi itapona.

Wasifu wa kazini umekuwepo tangu Android 5.0 ya mwaka 2014. Unaigawa simu pande mbili: upande wa mtu binafsi na upande wa kazi. Ni sawa na nyumba yenye fremu ya duka mbele, paa ni moja lakini kila upande una mlango wake na kufuli lake. Programu za kazini zinakuwa na alama ndogo ya mkoba, na zinakaa kwenye kichupo chake. Wakala anakuwa na Gmail mbili, Drive mbili, hata WhatsApp mbili zenye namba tofauti, na msimamizi, ambaye kwetu ni mimi, ndiye anayeweza kuweka mipaka ya kinachovuka kwenda upande wa pili.

Swali nililoulizwa kuliko yote ni hili, na aliyeliuliza wazi ni wakala wetu mmoja wa Nansio: "Dada, sasa bosi si atakuwa anasoma meseji zangu na mke wangu?" Ni swali la haki kabisa. Kwenye simu yake mwenyewe, msimamizi anaona aina ya simu, toleo la Android na programu zilizo upande wa kazi. Picha zake, meseji zake na programu alizopakua mwenyewe havionekani. Akiondoka kazini, ninachoweza kufuta ni upande wa kazi tu. Kwa simu ya kampuni mambo yanabadilika kidogo: tangu Android 11 ya mwaka 2020, kampuni inaweza kuzuia programu fulani hata upande wa binafsi, na inaweza kuifuta simu yote, ila bado haisomi yaliyomo upande ule. Tofauti hiyo mfanyakazi lazima aambiwe kabla hajagusa kitufe cha kukubali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inataka mtu aelezwe taarifa zake zinakusanywa kwa ajili ya nini. Sisi tuliandika karatasi moja ya Kiswahili chepesi, kila wakala akaisoma na kusaini. Baada ya hapo manung'uniko yaliisha.

Jambo linalowasumbua wengi mwanzoni ni picha. Wakala akipiga picha ya mizani kwa kamera yenye alama ya mkoba, kisha akaitafuta kwenye galari yake ya kawaida, haioni. Anapiga simu ofisini kwa hofu, samaki wameshapakiwa na boti inaondoka. Picha ipo, imekaa upande wa kazi, na inatumwa kwa WhatsApp ya upande wa kazi. Akishazoea, hiyo hiyo inakuwa faida: picha za mizani hazichanganyiki na za harusi ya shemeji, na mimi nikitafuta kilo za wiki iliyopita nazikuta zimekaa pamoja.

Kitufe cha kusimamisha programu za kazini nakipenda sana. Jumapili wakala anakibonyeza, alama za mkoba zinakuwa kijivu, arifa zinanyamaza. Mtu anapumzika bila kuzima simu yake.

Udhaifu upo. Simu zenye kumbukumbu ndogo zinalemewa, kwa sababu kila programu ya kazini ni mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Kwa simu za bei ya chini kabisa sishauri. Halafu amri ya kufuta upande wa kazi inahitaji intaneti: simu ikiwa imezimwa, au haina bando kule kisiwani, amri inasubiri mpaka iingie mtandaoni. Ndiyo maana mtu akiondoka naanza kwa kuifunga akaunti yenyewe, kisha ndiyo natuma amri. Na gharama ni ya kila mtumiaji kila mwezi. Usimamizi huu kamili haumo kwenye vifurushi vya Workspace vya Business Starter wala Business Standard, unaanzia Business Plus, kwa hiyo uliza vizuri kabla hujalipia.

Kwenye kompyuta za ofisini tulitumia wasifu wa kivinjari cha Chrome, mmoja wa kazi na mwingine wa mtu binafsi, kila mmoja na rangi yake. Tatizo tulilokuwa tunalitibu ni kubwa kuliko linavyoonekana. Mfanyakazi akiingia kwenye Chrome kwa Gmail yake mwenyewe, halafu akahifadhi humo nywila ya mfumo wa TRA au ya benki, nywila hiyo inaenda naye nyumbani, inaonekana hata kwenye simu yake. Akiacha kazi anaondoka nayo bila hata kukusudia. Wasifu wa kazi unazibakiza kwenye akaunti ya kampuni. Ila Chrome haikuwekei kufuli kati ya wasifu mmoja na mwingine: yeyote aliyekaa kwenye kiti hicho anaweza kubofya na kuingia wa mwenzake. Kama kompyuta inatumiwa na zaidi ya mtu mmoja, kila mtu awe na akaunti yake ya Windows, na aifunge anapoinuka.

Sasa lile ambalo programu hizi hazigusi kabisa ni laini. Biashara yetu inaendeshwa kwa pesa za simu, na M-Pesa au Airtel Money inafuata laini, haifuati akaunti ya Google. Upande wa kazi unaweza kufutwa wote na laini ikabaki inapokea pesa kama kawaida. Laini iliyosajiliwa kwa alama ya kidole na namba ya NIDA ya wakala ni ya wakala, hata kama kampuni ndiyo iliyonunua simu. Niliwaomba wote wapige *106# tuone kila laini imesajiliwa kwa jina la nani, na majibu yalimfanya bosi aitishe kikao siku hiyo hiyo. Laini za ofisi sasa zinasajiliwa kwa nyaraka za kampuni. Wakala anayetumia laini yake mwenyewe hapitishi humo malipo ya samaki, yanatoka ofisini moja kwa moja kwenda kwa mvuvi.