Walimwashia taa muuaji

Kuna sekunde chache karibu na mwisho wa Halloween, ile ya John Carpenter ya mwaka 1978, ambazo nilizingoja miaka na miaka nizione kwenye kitambaa kikubwa. Laurie, binti aliyeachiwa watoto wa majirani usiku ule, ametoka kuona maiti za rafiki zake. Ameegemea ukuta, analia, pumzi hazimtoshi. Kando yake kuna mlango ulio wazi, na ndani ya mlango ni giza tupu. Halafu, polepole, kama vile macho yako mwenyewe yanaanza kuzoea giza, uso mweupe unajitokeza mle ndani. Hakuna anayeruka, hakuna kinachobamizwa. Mpiga picha wao, Dean Cundey, aliufanya mchezo huo kwa taa iliyopandishwa mwanga kidogo kidogo mpaka kinyago kikaonekana. Muuaji alikuwepo muda wote, wewe ndiye hukumwona.

Mimi nilimwona. Nililipa shilingi elfu kumi na tano, nikamwona amesimama mlangoni tangu Laurie anaegemea ukuta: mabega, ovaroli, mikono, yuko wazi kama mtu aliyesimama kibarazani saa sita mchana. Ukumbi mzima ulimwona. Hakuna aliyeshtuka hata mmoja.

Nimekaa na hasira hii wiki kadhaa sasa. Nimeona niiandike, labda atasoma mtu anayetaka kwenda.

Ilikuwa Ijumaa moja mwishoni mwa mwaka, ukumbi mdogo wa ghorofani hapa Dar. Jina silitaji, kwa sababu nitakayoieleza mbele. Walitangaza usiku wa filamu tatu za kutisha za zamani, zile zilizozaa muvi zote za muuaji mwenye kisu na vijana wanaokufa mmoja mmoja. Black Christmas, The Texas Chain Saw Massacre, na Halloween. Nilipoona orodha nilinunua tiketi nikiwa bado kwenye daladala. Mtu aliyepanga orodha ile anajua anachofanya, na hilo nitalisema hata nikiwa na hasira kiasi gani.

Nimekulia Tandika, na filamu hizi nilizijulia kwenye kibanda cha video, mkanda umechakaa, TV ya chogo, tumebanana kwenye mabenchi. Mtafsiri alikuwa na maiki yake anatusimulia juu kwa juu. Muuaji wa Halloween hasemi neno hata moja filamu nzima, ila mtafsiri wetu hakukubali, alimpa maneno, akawa anatukana na kuwaita mabinti kwa majina. Kwa hiyo nilifika utu uzima sijawahi kuusikia ukimya wake. Na mikanda ile ilikuwa imekatwa pembeni ili picha iingie kwenye TV ya mraba. Carpenter aliipiga filamu hii pana sana, upana mara 2.35 ya kimo. Kwenye TV ya chogo ilikuwa inapotea zaidi ya asilimia 40 ya picha. Nilikuwa nimeiona nusu, na nusu yenyewe imesemewa na mtu mwingine. Ndiyo maana ile elfu kumi na tano niliitoa kwa moyo mkunjufu.

Mwanzo ulikuwa mzuri mno. Kijana wa mlangoni, huyo huyo aliyekuja kuwa mtu wa projekta, alinipa shikamoo, akanionyesha kiti. Bisi za moto, viti vina mito, feni zinafanya kazi.

Walianza na Black Christmas ya Bob Clark, ya mwaka 1974, iliyopigwa Toronto, Kanada. Nilikuwa sijawahi kuiona, na sasa nasema bila kumumunya kwamba hii ndiyo mama yao wote. Nyumba ya mabinti wa chuo, Krismasi inakaribia, mtu anapanda ukutani na kuingia dirisha la dari, na kamera ndiyo macho yake. Unamsikia anavyohema, unaona mikono yake. Hiyo ni miaka minne kabla Carpenter hajatuweka ndani ya macho ya mtoto mwenye kisu mwanzoni mwa Halloween. Kisha simu zinaanza kupigwa, sauti za mtu mmoja anayejibizana mwenyewe kama watu watatu, mpaka unatamani mtu aikate ile waya.

Kilichonimaliza ni binti wa kwanza kuuawa. Anafunikwa mfuko wa nailoni usoni, anakalishwa kwenye kiti cha bembea huko darini, karibu na dirisha. Baba yake anakuja kumtafuta. Polisi wanakuja. Wanasaka hadi bustani ya jirani. Na kila mara kamera inatuonyesha lile dirisha, na uso ndani ya nailoni, na hakuna anayepanda juu kutazama. Hakuna! Filamu inaisha bado yuko pale pale, simu inaita, na majina ya waigizaji yanapita simu ikiendelea kuita. Muuaji hatumjui, sura yake hatuioni ila jicho. Dada aliyekaa mbele yangu aliifunga simu yake kabisa, nilimwona anabonyeza kitufe cha pembeni kwa vidole viwili mpaka ikazima.

Hapo ningewapa alama zote. Nilikuwa tayari kumpigia mdogo wangu simu wakati wa mapumziko nimwambie achukue bodaboda aje.

Ya Texas niliiogopa kabla haijaanza, kwa sababu ya sifa yake. Wengi wanaijua kwa jina tu, wanadhani ni mito ya damu. Si kweli. Tobe Hooper alionyesha damu kidogo sana, hata alitumaini itapewa daraja la kuwafaa watoto wakiwa na wazazi. Ndoano ya buchani unaiona, binti unamwona akinyanyuliwa, halafu kamera haikuonyeshi nyama ikitobolewa, na bado mgongo wako wenyewe unauma. Mara ya kwanza yule jitu mwenye kinyago cha ngozi anatokea, hakuna muziki wa kukuandaa. Kijana ameingia ndani ya nyumba ya watu, nyundo moja kichwani, miguu inarukaruka sakafuni kama ng'ombe wa machinjioni, anavutwa, mlango wa bati unasukumwa, baaam. Sekunde chache. Kijana mmoja nyuma yangu alisema "Mungu wangu" kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu aliye msibani.

Waliipiga kiangazi cha mwaka 1973, joto la Texas la kuua mtu. Ile karamu ya mwisho walikaa nayo zaidi ya saa 24 mfululizo, madirisha yamezibwa, taa zinawaka, nyama na mifupa halisi inaoza mezani. Ukijua hilo, unamtazama Marilyn Burns, aliyeigiza Sally, akipiga mayowe unajua si uigizaji mtupu. Alichoka kweli, aliumia kweli, na Gunnar Hansen, aliyevaa kile kinyago, alikuja kukiri kwamba kidole cha yule dada alikikata kweli kwa sababu mrija wa damu ya uongo uligoma. Mimi ni mwanamke, na sehemu hiyo inanipa shida hadi leo. Naipenda filamu, na siupendi kabisa mwili wa mtu kutumiwa hivyo ili tiketi ziuzwe. Sijapata namna ya kuyaweka mawili hayo sawa. Lakini ile picha ya mwisho, Sally nyuma ya pikapu amejaa damu anacheka na kulia kwa pamoja, na lile jitu linazungusha msumeno jua likichomoza, ilinifanya nishike mkono wa kiti.

Basi. Mapumziko. Tunarudi.

Halloween inaanza na naona kuna kitu hakiko sawa. Mji wenyewe, ule wanaosema uko jimbo la Illinois na kumbe waliupiga California majira ya kuchipua, majani makavu yamepakwa rangi na kuokotwa tena na tena, ulikuwa umefifia, kijivu, kama nguo iliyofuliwa kwa jiki. Usiku wa Carpenter una rangi ya samawati na weusi mzito. Pale ulikuwa na rangi ya majivu. Na picha ilikuwa imejaa kitambaa kizima, juu hadi chini, kumbe ilitakiwa iwe na mistari myeusi juu na chini. Ina maana wameivuta, na pembeni imeliwa karibu robo. Pembeni ndiko filamu hii inakokaa! Unatazama uzio, unatazama kona ya nyumba, kwa sababu amekufundisha kwamba yeye husimama huko.

Niliinuka taratibu nikaenda kwenye meza ya projekta.

"Mdogo wangu, naona picha imeongezwa mwanga. Na imevutwa."

"Ndiyo anti, ni mimi. Hii muvi ya zamani, giza limezidi, watu watakuwa hawaoni."

"Ndiyo ilivyo. Hawatakiwi kuona."

Akanitazama. "Sasa anti, mtu amelipa hela yake asione?"

Nikamweleza, kwa upole, naapa kwa upole, kwamba kuna mahali karibu na mwisho giza ndiyo kazi yenyewe. Nikamwomba airudishe kama alivyokuta. Akaishika rimoti kifuani kwa mikono miwili na kuniambia, sauti imepanda mpaka watu wakageuka: "Mama, wewe peke yako ndiyo unalalamika. Kama huipendi, kaangalie kwako."

Kutoka anti mpaka mama, na kutoka shikamoo mpaka kaangalie kwako, saa nne tu zilitosha. Nilirudi kwenye kiti. Watu walinitazama kama niliyekuja kuwaharibia starehe. Kuanzia hapo kila kitu kiliniudhi: bisi zilikuwa za chumvi nyingi, feni lililia, kiti kiliniuma. Najua kabla ya hapo havikuniudhi.

Filamu yenyewe ilijitahidi. Ule muziki, Carpenter aliutunga na kuupiga mwenyewe kwa mapigo matano badala ya manne, haukuharibiwa, na kila ulipoanza ukumbi ulinyamaza. Lakini macho yalikuwa yanauambia moyo usijali. Kile kinyago ni uso wa William Shatner, Captain Kirk wa Star Trek, kitu cha bei ndogo cha dukani, wakapaka rangi nyeupe na kupanua matundu ya macho. Kikiwa nusu gizani hakina umri wala hisia. Kikimulikwa unaona mpira. Niliona mshono shingoni.

Kisha ikafika ile sekunde, na nimeshaieleza.

Wakati wa kutoka, ngazini, kijana mmoja alimwambia mwenzake, "Kumbe ndiyo hii tu? Ile ya msumeno kali zaidi." Na mwenzake akakubali. Hapo ndipo nilipoumia kweli. Mimi ninayo nyingine ya kuangalia nyumbani. Wale vijana walikuwa na mara moja tu ya kuiona kwa mara ya kwanza, na imeshatumika. Hofu ya namna hii haitumiki mara mbili. Hata ukirudishiwa elfu kumi na tano yako, ile mara ya kwanza hairudi.

Wiki iliyofuata niliiangalia nyumbani na mdogo wangu, taa zote zimezimwa, kwenye kompyuta ndogo isiyofika hata nusu mita. Laurie akaegemea ukuta. Mdogo wangu alikuwa anamwangalia Laurie, kama ilivyopangwa. Kisha akasema "Dada, dada, dada," akanishika kifundo cha mkono, kucha zikaniingia. Alama zilikaa mpaka asubuhi.

Sasa, niseme watu waende au wasiende? Jina nimelificha kwa sababu ninataka wadumu. Hakuna mwingine hapa mjini anayemwekea mtu Black Christmas usiku wa Ijumaa kwa bei hiyo, na kwa filamu mbili za kwanza nilikuwa na usiku bora wa mwaka wangu. Nilikuwa nimeamua kusema nendeni. Dada mwenye shughuli nilimwandikia kila kitu, akanijibu, akanipa tiketi ya bure ya awamu ijayo, nikaona ni mwungwana, yule kijana ni mtoto tu, alidhani anawasaidia watu.

Lakini leo nimeisoma tena ile meseji yake. Ameandika: "Pole dada kama hukuifurahia muvi."

Sikusema sikuifurahia muvi. Nimeandika aya tano kumweleza kwamba muvi haikuonyeshwa. Kama mwenye ukumbi hajui tofauti hiyo, basi awamu ijayo atakuwepo kijana yule yule, rimoti ile ile, na wameshatangaza wataleta Friday the 13th, ambayo robo tatu yake ni msitu, mvua na usiku.

Msiende. Angalau mpaka nimpigie simu kesho.